Chungu Kilichotimia Kamwimbi

Sura ya Sita

Jumatatu ile ya Oktoba 2001, Marguerite alikuwa marehemu kwenye karatasi moja na mzima kwenye karatasi nyingine, na karatasi zote mbili zilikuwa juu ya meza ya afisa wa ustawi wa kambi ya Dzaleka. Afisa huyo alikuwa Mmalawi mpole ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Alizisogeza karatasi mbele ya Godelive, akakunja mikono na kungoja.

Godelive alikuwa mshonaji. Kabla ya vita alikuwa karani wa mahakama huko Bukavu kwa miaka kumi na minane, akiandika maelezo ya wezi, wauaji na waume waliokana watoto wao. Kambini watu walimwita Mama Karani, wengine kwa heshima, wengine kwa kumwogopa, na ofisi ilimwita kila mara hadithi ya mkimbizi ilipokataa kukaa sawa.

Karatasi ya kwanza ilikuwa maelezo ya Mulenda, mtu wa Fizi, mfyatua matofali na shemasi wa kanisa. Alisema kwamba mwaka 1999 yeye na watu wake walikimbia vita, wakatembea mpaka mto Lualaba, wakapanda mashua ndefu ya injini iliyokuwa ikipandisha mto kwenda Bukama. Njiani mashua ilisimama siku tatu katika mji mdogo uitwao Kamwimbi. Hapo dada yake, Marguerite, alikufa kwa kipindupindu akazikwa. Mulenda akamchukua mtoto wa marehemu, Gabriella, akamlea kama wake.

Karatasi ya pili ilikuwa fomu ya watu wanaotafuta ndugu waliopotezana vitani. Ilijazwa Kamwimbi mwezi Juni. Mwanamke aliyejiita Marguerite alikuwa akimtafuta binti yake Gabriella, aliyeendelea na mashua pamoja na mjomba wake Mulenda.

Hapo ndipo kilipokuwa kisa chote. Alhamisi Mulenda angepanda ndege kwenda Kanada na mkewe Madeleine, wanawe wawili, na Gabriella, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa na kwenye faili aliandikwa yatima. Ikiwa mama yu hai, mtoto angetenganishwa na mama yake kwa muhuri wa serikali mbili, na hakuna ambaye angelifungua tena faili hilo. Ikiwa mwandishi wa fomu ni tapeli anayenusa safari ya Kanada, basi mtoto angenyimwa ndege kwa uongo wa mtu asiyemjua. Afisa alikuwa na siku mbili za kuamua amtoe mtoto kwenye orodha ya safari au amwache.

"Nionyeshe picha," Godelive alisema kwa Kichewa chake cha kambini.

Kwenye faili kulikuwa na picha ya familia iliyopigwa walipovuka kuingia Zambia, wiki tatu baada ya Kamwimbi. Watu wazima walikodoa macho kama kawaida ya picha za mpakani. Gabriella alisimama mbele, mwembamba, kichwa chake kimesukwa mistari sita iliyonyooka. Godelive aliisogeza picha dirishani. Kwao mtoto aliyefiwa na mama hunyolewa. Hata maskini wa mwisho hutafuta wembe. Na huyu hapa, yatima wa wiki tatu, kichwa kama cha bibi harusi.

Hakumwambia afisa chochote. Kipindupindu hakingoji matanga, na watu wanaokimbia hukosa mambo mengi, wembe ukiwa mmoja wao. Alichukua daftari lake akatoka.

Mulenda alimpokea kwenye tanuri la matofali, mikono imejaa udongo. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Godelive alimuuliza maswali yake kama alivyozoea, kwanza kwa mpangilio, kisha kinyume, kisha kwa kurukaruka. Mulenda hakujikwaa.

"Mama Godelive, mi njo nilimuzika na mikono yangu hii. Asubui alianza kuhara, mangaribi akaisha. Kesho yake tukamuzika upande wa misioni."

Alipoulizwa kuhusu fomu, alisema ni matapeli, kwamba Kongo nzima sasa inajua jina la mtu mwenye safari. Alipoulizwa mtoto alikuwa wapi wakati wa mazishi, alisema alikuwa amelala mashuani, ana homa. Muda wote alikuwa akisugua udongo kwenye vidole, hata baada ya udongo kuisha.

Godelive alimwendea Épitace, mwinjilisti aliyesafiri nao, ambaye jina lake lilikuwa kwenye faili kama shahidi. Épitace alifurahi kuulizwa. Alimkaribisha kiti, akakohoa, akatoa ushuhuda wake.

"Asubui alianza kuhara, mangaribi akaisha. Kesho yake tukamuzika upande wa misioni."

Godelive aliandika sentensi hiyo chini ya ile ya Mulenda, akaitazama. Watu wawili walioona jambo moja hugombana. Mmoja atasema ilikuwa mvua, mwenzake atasema jua. Katika miaka kumi na minane hakupata kuona mashahidi wawili wa kweli wakilingana mpaka kwenye pumzi. Akauliza mtoto alikuwa wapi wakati wa mazishi.

Épitace alisita. Akasema mtoto alikuwa pale kaburini, ameshikwa mkono na Madeleine, analia sana.

"Mlichimba kwa nini?"

"Kwa jembe. Dany, ule kijana wa mashua, njo alituazima. Kama unakatala, mutafute umuulize," alisema, na akacheka kidogo, kama mtu anayekutuma kwa marehemu.

Uongo una ubaya wake mmoja: ukishaanza kutaja majina hujui nani anayajua. Godelive alimjua Dany mmoja. Alikuwa amemkatia suruali mbili mwezi Agosti, na wakati akipimwa, yule mtu hakuacha kusimulia mto Lualaba, mchanga wake na injini alizozifufua kwa waya na sabuni. Alikuwa akitengeneza jenereta Lilongwe, Area 47.

Jumanne alipata kibali cha kutoka kambini, akashuka Lumbadzi kubadilisha gari, na kabla ya saa tano alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha Dany. Dany alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye kovu kidevuni na maneno mengi. Alimpa kiti, akamtuma jirani alete Fanta, akamwambia suruali bado nzima. Godelive hakumtajia Mulenda. Alimuuliza tu kuhusu jembe.

Dany alishangaa. Mashua yao ilikuwa na nguzo za kusukumia, kamba, madebe ya mafuta na kuku wa nahodha. Jembe la kazi gani? Na Kamwimbi anaikumbuka sana, alisema, kwa sababu askari waliwashika siku tatu, na siku ya pili mwanamke mmoja alijifungua nyuma ya mashua, karibu na injini. Mama mmoja wa Fizi alimzalisha vizuri kuliko muuguzi. Yule mama alikuwa anaitwa Marguerite.

"Alikufa lini?" Godelive aliuliza.

"Nani?"

"Marguerite."

Dany alimtazama. Akasema Kamwimbi hakufa mtu. Akasema tena, polepole, kwa sababu aliona Godelive anaandika. Siku ya tatu nahodha aliwapa askari pipa zima la mafuta, wakafungua njia, na mashua ikaondoka alfajiri kwa haraka kabla hawajabadili mawazo.

Godelive aliisimamisha kalamu hapo. Aliuliza kama askari walichukua pipa peke yake. Alikuwa amesikia habari za miji ya mtoni, jinsi njia ilivyofunguliwa kwa mafuta mahali pengine na kwa wanawake mahali pengine, na tangu jana wazo baya lilikuwa likimtembelea: kaka mwenye familia ya kuokoa, na dada mjane asiye na wa kumlilia. Dany alitikisa kichwa, akasema pipa alilibeba yeye, lakini kama walichukua na watu hakuona, na hawezi kuapia asichokiona. Wazo likabaki palepale, tena likavuta kiti likakaa.

"Sasa mlijuaje watu wote wamepanda?"

"Kwa vyungu," alisema Dany.

Akaeleza. Kwenye mashua zile watu hula kwa makundi, kila kundi na chungu chake, na kila chungu na mkubwa wake. Wakati wa kuondoka nahodha haulizi watu, anauliza vyungu. Anaita chungu cha fulani, na mkubwa wa chungu anajibu kwamba wametimia, au kwamba wamepungua. Wakipungua, mashua inangoja, au watu wanashuka kutafuta. Mtu akifa, ni hivyohivyo. Mkubwa anasema wamepungua, na hakuna nguzo itakayoguswa mpaka maombi yaishe.

"Na chungu cha Mulenda?"

Dany alifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa ameshaelewa kwamba haya hayahusu suruali.

"Alijibu 'tumetimia'. Siku ile mi njo nilikuwa naita."

"Hamkuhesabu?"

Dany alicheka. "Mama, we ni mutu wa ville, wa mujini. Batu ya Fizi habahesabu batu yabo. Ukibahesabu na kidole, unawaitia kifo. Anasema wametimia, njo basi."

Godelive alikunywa Fanta yake ikiwa imeshapata moto. Njia nzima ya kurudi aliyapanga mambo kama vitambaa mezani. Marguerite hakufa Kamwimbi. Mulenda alisema wametimia. Basi ama dada yake alikuwa ndani ya mashua akafia mbele zaidi, na hapo kwa nini kudanganya jina la mji? Ama alikuwa nje, na Mulenda alijua, na alijibu hivyo ili mashua iondoke. Na kama alijua, alimwachia nani? Kila alivyoyapanga, Mulenda alizidi kuwa mbaya, na Godelive, ambaye hakuwa mtu wa huruma kazini, alijikuta akimchukia.

Lakini chuki si ushahidi. Neno la fundi wa jenereta dhidi ya shemasi na mwinjilisti lisingezuia ndege. Alihitaji Mulenda mwenyewe aseme. Na mtu aliyeshika sentensi moja kwa miaka miwili hawezi kunyang'anywa kwa maswali. Godelive akairudia ile picha kichwani, mistari sita iliyonyooka, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali lililo sawa. Halikuwa kwa nini mtoto hakunyolewa. Lilikuwa ni nani aliyekataa.

Jumatano mchana alikwenda nyumbani kwa Mulenda. Alimkuta na mkewe wakifunga mabegi. Madeleine alikuwa mwanamke mkavu, mchapakazi, asiyesema mbele ya wageni, na Jumatatu alikuwa amejibu kila swali kwa kumtazama mumewe. Épitace naye alikuwepo, amekuja kuaga. Gabriella alikuwa mlangoni akipepeta mchele, kichwa kimesukwa upya kwa ajili ya safari.

Godelive aliwaamkia, akakaa, akasifu mabegi. Kisha akasema amekuja kwa jambo la heshima. Faili liko sawa, alisema, na hilo lilikuwa uongo, lakini aliusema kwa uso wa mahakama. Limebaki jambo moja ambalo si la ofisi. Marguerite alizikwa haraka kwa sababu ya ugonjwa, matanga hayakufanyika, na mtoto hakunyolewa. Je, mtoto atavuka bahari na kilio cha mama yake kikiwa hakijafungwa? Wao ni Wakristo, ni kweli, lakini nani kati yao angethubutu kumfanyia mama yake hivyo? Mwinjilisti yupo, ataomba. Wembe anao.

Akautoa kwenye kijaluba chake cha kushonea, wembe mpya wa kufumulia mishono, ungali kwenye karatasi yake.

Épitace alitazama chini. Mulenda aliliweka begi chini. Kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba Mama Karani amesema vizuri, na kwamba mtoto aje.

Gabriella alikuja akaketi kwenye kigoda. Godelive alimfunika mabega kwa kitenge, akafumua mstari wa kwanza, akachukua muda wake kuufumua. Akafumua wa pili. Akaufungua wembe. Épitace akafumba macho akaanza kuomba kwa sauti ya chini, na Mulenda akainamisha kichwa.

Mkono wa Madeleine ulitua juu ya wembe. Ulitua kwa nguvu, na damu ikatoka kwenye kiganja chake, na yeye hakuonekana kuisikia.

"Hapana," alisema. "Pale Bukama nilikatala, na leo nakatala. Haunyoe mutoto ya mutu iko muzima. Njo kumuua mama yake."

Mulenda alimwambia anyamaze. Madeleine hakunyamaza. Alimgeukia mumewe mbele ya wageni, jambo ambalo huenda hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Ulinilazimisha kusema amekufa. Nilisema. Kwa mudomo nilisema. Lakini hiki kichwa hautagusa."

Épitace aliacha kuomba. Godelive alifunga mkono wa Madeleine kwa kipande cha kitambaa, akautupa wembe mbali, akafungua daftari.

"Sasa, Papa Mulenda," alisema. "Ulimwachia nani?"

Alikuwa amejitayarisha kwa askari. Alikuwa amejitayarisha hata kwa jina la askari. Mulenda alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na uso wake ukavunjika. Hakumwachia mtu, alisema. Na hapo akaanza kusimulia, na safari hii hadithi ilikuwa na mawe na mashimo, kama hadithi za kweli zilivyo.

Jioni ile ya mwisho Marguerite alipanda misioni kuomba maziwa ya unga kwa yule kichanga. Kabla ya kwenda alimaliza kumsuka binti yake. Alfajiri Dany alipoita vyungu, kulikuwa na giza, turubai zimefunikwa, wanawake wako nyuma na mzazi. Mulenda alidhani dada yake amerudi na amelala huko nyuma na mzazi. Hakunyanyua turubai. Hakuhesabu, kwa sababu baba yake hakuhesabu, na babu yake hakuhesabu, na siku ambayo kifo kiko karibu ndiyo mtu huogopa zaidi kuhesabu. Alijibu wametimia. Saa sita mchana Madeleine alipakua ugali, na bakuli moja likakosa mtu.

"Hapo ungesema," Godelive alisema. "Mashua ingerudi."

Mulenda alijua. Alisema alisimama kwenda kwa nahodha. Alitazama watu sitini waliokuwa wakimshukuru Mungu kwa kuondoka Kamwimbi, akatazama wanawe, akafikiria askari wale, akakaa. Akajiambia atashuka kituo kinachofuata, arudi kwa miguu. Kituo kilichofuata kilikuwa kinawaka moto, na mashua ikapita katikati ya mto bila kupunguza mwendo. Baada ya hapo kila siku ilikuwa imechelewa kuliko ya jana. Bukama, mtoto aliuliza kwa mara ya nne mama yake yuko wapi. Ile sentensi ilimtoka mdomoni, na Épitace, aliyekuwa akila chungu kimoja nao, akaikubali ili mtoto aache kulia.

Épitace alisema ni kweli. Alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kanisani.

Godelive aliandika yote. Chuki yake ya jana ilikosa pa kukaa, na hilo lilimuudhi, kwa sababu mtu mbaya ni kazi rahisi. Alimwambia Mulenda wazi jinsi mambo yalivyo. Akisaini maelezo haya, kesho Gabriella hatapanda ndege. Na kwa kuwa alidanganya kwenye faili, huenda hakuna hata mmoja wa nyumba hii atakayepanda, si kesho wala siku nyingine. Asiposaini, Godelive atakuwa na neno la mwanamke mwenye jeraha mkononi na neno la fundi, na Kanada iko mbali na haina muda.

Mulenda aliomba kalamu.

"Bado," Godelive alisema. "Lazima nikusomee kwanza."

Hiyo ndiyo sheria aliyoifuata miaka kumi na minane. Mtu hasaini maneno yake mpaka ayasikie yakitoka kwenye mdomo mwingine. Akasoma tangu mwanzo, kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kupandisha wala kushusha sauti: turubai, giza, wametimia, bakuli lililokosa mtu. Gabriella alikuwa bado kwenye kigoda, kitenge mabegani, nusu ya kichwa imefumuliwa. Hakuna aliyekumbuka kumtoa nje. Godelive alipofika mwisho, mtoto ndiye aliyesema.

"Mjomba, pale Bukama nilikuuliza mama iko wapi, ukaniambia Mungu amemuchukua. Ile saa ulikuwa unajua iko muzima?"

"Nilikuwa najua."

"Na kesho ungenipeleka bila kuniambia?"

Mulenda alimtazama mpwa wake. Ilikuwa rahisi kusema hapana, na hakuna shahidi ambaye angempinga.

"Ndiyo," alisema. "Ningekupeleka."

Godelive aliandika maswali yote mawili na majibu yake, kwa sababu yalikuwa sehemu ya maelezo, kisha akamgeuzia Mulenda karatasi asaini.